Kuchora Nyumba za Mtaani Moshi Katika Misimu Yote ya Mwaka

Anayetaka kuchora misimu ya Moshi hana budi kwanza kuacha kuitafuta kwenye majani ya miti. Katika nchi za baridi miti hupukutika na theluji hufunika mapaa, hata mtoto akitazama picha hutambua ni wakati gani wa mwaka. Hapa kwetu, nyuzi tatu na kidogo kusini mwa Ikweta, mgomba ni wa kijani Januari na ni wa kijani Julai, na tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifiki nusu saa. Ndiyo maana wengi wetu huchora mwaka mzima picha ile ile: anga la buluu, mlima wenye kilele cheupe, na mbele yake nyumba zinazoangazwa na jua la saa isiyojulikana. Mwongozo huu unahusu kazi nyingine, nayo ni kuchora nyumba na vichochoro vya mtaa wako kwa namna ambayo mkazi wa Njoro au Kiboriloni akiiona picha atasema bila kuulizwa kwamba hii ni Mei, au hii ni wiki moja kabla ya Krismasi. Jambo hilo linawezekana, kwa kuwa msimu upo ukutani, juu ya bati, na chini kwenye udongo.

Nyumba moja, na mahali pamoja pa kusimama

Chagua nyumba moja ya kawaida ambayo unaweza kuifikia kwa miguu, na uichore mara nne au zaidi katika mwaka ukiwa umesimama mahali pale pale. Sishauri nyumba nzuri sana. Nyumba inayofaa ni ile iliyopigwa lipu upande mmoja huku upande wa pili matofali yakiwa wazi, yenye mabati ya umri tofauti, simtanki pembeni, kamba ya kuanikia nguo, na ua wa masale au bogenvilia. Vitu hivyo vyote hupokea maji, vumbi na jua kwa namna tofauti, na kadiri vinavyokuwa vingi ndivyo unavyopata mahali pengi pa kuuonyesha msimu. Weka alama ya mahali pako: nguzo ya umeme, jiwe, au kona ya ukuta wa jirani. Ukisogea hatua tatu tu kati ya mchoro wa Aprili na wa Agosti, mtazamaji ataona mabadiliko ya pembe, na mabadiliko ya msimu yatampotea.

Kabla ya kuchora lolote, jua kila ukuta wa nyumba hiyo unatazama wapi. Moshi hatuhitaji dira kwa kazi hii, maana mji umekaa kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, na kila mtu hapa husema "juu" akimaanisha upande wa mlima na "chini" akimaanisha upande wa tambarare za miwa. Juu ni kaskazini, chini ni kusini. Shika hilo, kwa sababu ndilo msingi wa mengi yatakayofuata: jua la mchana huhama. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua la saa sita huwa upande wa kaskazini, na ukuta unaotazama mlimani ndio unaoliota. Kuanzia Oktoba hadi Machi huwa upande wa kusini, na ukuta unaotazama tambarare ndio unaopata zamu yake. Katikati ya vipindi hivyo, yaani wiki ya pili ya Machi na siku za kwanza za Oktoba, jua hupita juu ya utosi, na mchana kivuli cha mtu hujikunja miguuni pake.

Hesabu yake ni rahisi na inafaa kuiweka kwenye daftari. Upenu uliotokeza sentimita 60 hutupa kivuli cha mita 1.2 hivi kwenye ukuta wa juu mchana wa Juni, ilhali Desemba upenu kama huo hutupa kivuli cha mita 1.6 hivi kwenye ukuta wa chini, kwa sababu Desemba jua letu huwa karibu zaidi na utosi kuliko Juni. Mchana halisi wa jua mjini Moshi huwa karibu na saa sita na nusu ya saa zetu, kwa hiyo usishangae ukiona kivuli saa sita kamili bado kimelalia upande mmoja. Mchoraji aliyeweka kivuli cha upenu kwenye ukuta wa kusini katika picha anayoiita ya Juni ameshasema uongo kabla hajagusa rangi ya pili.

Vifaa, kwa ufupi

Kwa kazi ya nje napendelea rangi za akriliki juu ya hardibodi ya sentimita 30 kwa 40. Ipake mikono miwili ya rangi nyeupe, na upake pia mgongo wake, la sivyo unyevu wa masika utaikunja. Wanaotumia rangi za maji wanunue karatasi nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba, kwa kuwa nyepesi hujikunja kama chapati. Rangi sita zinatosha: buluu ya ultramarini, oka ya njano, siena ya kuchoma (hudhurungi yenye wekundu), nyekundu moja, njano moja kali, na nyeupe. Kijani usinunue, kijani cha kwenye tyubu huua kijani cha mgomba, na ukichanganya ultramarini na njano au oka utapata kijani cha kila msimu. Rangi nyeusi pia iache nyumbani. Ultramarini ikichanganywa na siena ya kuchoma hutoa kijivu na weusi unaoweza kuupeleka kwenye ubaridi au kwenye joto, na nusu ya maarifa ya kuchora mabati imo humo.

Vifaa vyenyewe hutii msimu. Januari akriliki hukauka kwenye sahani ya kuchanganyia kabla hujamaliza dirisha moja. Tandika kitambaa kibichi chini ya karatasi ya kuchanganyia na uwe na chupa ya kupulizia maji. Julai hali hugeuka. Nilipoteza karatasi tatu katika Julai moja kwa kuharakisha safu ya pili wakati ya kwanza ilikuwa bado mbichi ndani, ingawa juu ilionekana imekauka. Siku hizi Julai nakwenda na mbao mbili, na wakati moja inakauka nafanya kazi kwenye nyingine.

Kubisha hodi kwanza

Nyumba ni ya mtu. Mtu akisimama barabarani na ubao mkononi, akitazama nyumba kisha anaandika, wakazi wa miji yetu hawafikirii sanaa; wanafikiria upimaji, hifadhi ya barabara, na ile alama ya X inayopakwa kwa rangi nyekundu kwenye nyumba zinazotakiwa kubomolewa. Mara ya kwanza nilipokaa kuchora katika mtaa wa Pasua bila kumwarifu mtu, bibi mmoja alitoka ndani, akasimama mbele yangu na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mnatuondoa lini?" Sijausahau uso wake, na tangu siku hiyo sijachora nyumba kabla ya kubisha hodi.

Basi nenda siku moja kabla, bila vifaa. Toa shikamoo, jitambulishe, sema unaishi wapi na unachora nini, na uonyeshe mchoro mmoja uliokwisha kuufanya. Eleza tangu mwanzo kwamba utarudi mara kadhaa ndani ya mwaka. Inafaa pia balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa apate habari. Wenyeji wakisema nguo zilizo kambani zisichorwe, au mlango wa chumba fulani uachwe, uache. Nyuso za watoto watakaokuzunguka nami huziacha nje ya picha. Miili yao midogo iliyosimama uani inatosha kumpa mtazamaji kipimo cha ukubwa wa mlango.

Masika: chora mguu wa ukuta

Masika huanza Machi na kuishia Mei, na Aprili ndiyo kilele chake. Wanaoanza huchora mvua kwa mistari ya mshazari, nami nawasihi waache. Mvua huonekana kwa yale inayoyafanya. Vitu vya mbali hupoteza tofauti kati ya mwanga na kivuli, hata mstari wa migrevilea nyuma ya nyumba ukawa kijivu kimoja kisicho na matawi. Vitu vya karibu hukolea, kwa kuwa maji yakiingia kwenye vinyweleo vya lipu, mbao au udongo, mwanga hauwezi kutawanyika kama awali na rangi huwa nzito. Ukuta wa krimu ulioloa juu na kukauka chini ya dirisha huwa na mpaka unaoonekana wazi, wenye umbo la ramani. Mpaka huo mmoja ukichorwa vizuri unasema mvua kuliko mistari elfu.

Kisha teremka hadi mguu wa ukuta, mahali ambapo mimi hukaa muda mrefu kuliko popote kwenye picha. Matone yanayodondoka kutoka kwenye bati lisilo na gata huchimba mstari wa vishimo ardhini, na kila tone hurusha udongo mwekundu ukutani. Baada ya wiki chache za masika nyumba nzima huwa imevaa mkanda mwekundu, wenye kingo za matone, ambao mara nyingi hufika kimo cha goti. Penye gata zima mkanda huwa mfupi. Penye gata lililotoboka huwa na mlima mdogo, na hapo unaweza kusoma maisha ya nyumba hiyo. Mei mkanda huo ni mbichi na mzito: siena ya kuchoma, nyekundu kidogo na ultramarini kidogo. Kufikia Februari, usipofutwa, utakuwa umekauka na kupauka, ukikaribia rangi ya chungwa yenye vumbi, ambayo hupatikana kwa oka na siena pamoja na nyeupe nyingi. Ninajua wachoraji wanaouondoa mkanda huu ili nyumba ionekane safi. Huo ni ukarimu usiofaa, kwa sababu kwa kufanya hivyo wanaiondoa nyumba Moshi na kuipeleka mahali pasipo na udongo.

Madimbwi ya masika ni kioo, lakini kioo chenye kanuni yake. Kitu cheupe kikijionyesha majini huwa cheusi kidogo kuliko chenyewe, na kitu cheusi huwa chepesi kidogo, yaani chenye mwanga zaidi. Mchoraji anayerudia rangi ile ile ya ukuta ndani ya dimbwi hupata shimo badala ya maji. Mabati nayo siku hizo hubadilika kabisa, maana bati lililoloa huakisi anga. Hata bati lenye kutu likitazamwa kwa mlalo mara tu mvua inapokatika huwaka weupe, na kutu yake huonekana tu kwenye sehemu iliyo karibu nawe. Usichore migongo yote ya bati. Chora michache kwenye ukingo ulio karibu, na mingine pale kivuli cha mti kinapolikata bati na kuonyesha mawimbi yake. Kwingine acha ubapa wa rangi ufanye kazi.

Kipupwe: picha isiyo na kivuli

Juni, Julai na Agosti wingu hulala juu ya mji tangu asubuhi, watu huvaa masweta, na mlima unaweza kukosekana siku nzima. Wachoraji wengi huweka brashi chini wakisema hakuna mwanga. Mimi nauona kuwa msimu bora kuliko yote kwa mtu anayejifunza, kwa sababu kivuli hakimkimbii. Ule mwanga wa asubuhi wa Januari ambao hukupa saa moja na nusu tu, Julai hukupa saa nne bila kubadilika, na unaweza kuketi na kupima rangi ya kila ukuta kwa utulivu.

Kanuni ya kipupwe ni kwamba mwanga wote unatoka juu na umesambaa, kwa hiyo sehemu zinazotazama anga hupata zaidi kuliko zilizosimama wima. Bati jipya huwa jepesi kuliko ukuta wa krimu ulio chini yake, kinyume kabisa na vile akili inavyotuambia. Panga hivyo kabla ya kuanza: anga jepesi kuliko vyote, kisha bati jipya, kisha ardhi kavu, kisha kuta, na mwisho weusi laini ulio chini ya upenu na ndani ya milango. Kingo za weusi huo zilainishe kwa brashi yenye maji tu. Rangi za kuta, ambazo jua la kiangazi huzichoma hadi zipauke, Julai hukolea. Ukuta wa kijani wa duka la kona na mlango wa buluu huonekana jinsi mwenye nyumba alivyozikusudia siku alipozinunua. Anza na ubao uliopakwa kijivu chenye joto kidogo, si mweupe, na utajikuta umeshaifanya nusu ya kazi.

Tazama pia moshi wa kuni kutoka jikoni, ambao katika hewa hii nzito haupandi haraka, bali huelea juu ya migomba. Unapopita mbele ya miti yenye giza huwa na ubuluu. Unapofika juu na kuwa mbele ya anga jepesi, moshi ule ule hugeuka hudhurungi. Uchore kwa rangi mbili, na mahali zinapokutana pasiwe na mstari.

Ukuta wa kusini haujaota jua la mchana tangu Machi, na umepitia masika nzima katika hali hiyo, kwa hiyo ndiko utakakoona ukungu wa kijani na mweusi ukishuka kutoka kwenye viungo vya tofali. Siku wingu linapofunguka kwa dakika kumi, jua litaupiga ukuta wa juu na kuuacha huu baridi vile vile. Ukibahatika kuiona hali hiyo, ichore kwenye ubao mwingine. Usiichanganye na picha ya wingu uliyoianza, hata ikikushawishi namna gani. Claude Monet wa Ufaransa, alipochora marundo ya nafaka mwaka 1890 na 1891, alikuwa na turubai kadhaa kando yake na alizibadilisha kadiri mwanga ulivyobadilika. Mfululizo huo ulifika picha 25 hivi. Sisi tunaweza kufanya hivyo hivyo kwa mbao tatu ndani ya mfuko wa sandarusi.

Vuli na rangi ya Desemba

Mijakaranda huchanua kuelekea mwisho wa mwaka, Oktoba na Novemba, kisha mikrismasi hufuata kwa wekundu wake. Hapa nina onyo moja. Zambarau ya jakaranda humlevya mchoraji, naye huipaka kama pamba juu ya mti na kuisahau nyumba. Punguza mtini na uongeze chini, kwa kuwa maua yaliyodondoka juu ya murram, juu ya bati na juu ya simtanki jeusi ndiyo yanayoonyesha kwamba siku zinapita. Zambarau juu ya udongo mwekundu mkavu huwa kama kijivu. Baada ya manyunyu ya vuli huwaka. Chora siku zote mbili.

Desemba kuna jambo ambalo halimo katika vitabu vya uchoraji. Watu wa Kilimanjaro hurudi nyumbani kwa Krismasi kutoka kila pembe ya nchi, na kabla hawajafika, nyumba hupakwa rangi, nyua hupunguzwa, mkanda mwekundu wa masika hufutwa kwa chokaa. Nyumba yako ya krimu inaweza kuwa ya pichi ifikapo tarehe 20. Usihuzunike kwamba mfululizo umeharibika. Chora ngazi ikiwa bado imeegemea, ndoo ya rangi, na ukuta ulio nusu mpya nusu mkongwe. Huo ndio msimu wenyewe, na jua wakati huo limeshahamia ukuta wa chini.

Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, aliyajua mambo kama haya. Alichora watu wa mlimani katika shughuli zao, na picha yake moja ya mwaka 1956, ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, iliingia katika mkusanyo wa jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York. Ilifika huko ikiwa imebeba desturi ya kijijini kwao.

Kiangazi, na swali la mlima

Januari na Februari hazina mengi ya kufundisha ambayo macho hayajayaona. Vivuli ni vikali na kingo zake ni kali. Anga ni la buluu juu, lakini hupauka na kuwa jeupe lenye vumbi kadiri unavyoshuka. Nyua za kando ya barabara hazina tena kijani, bali kijivu chekundu cha vumbi. Jambo moja tu huwaponyoka wengi: chini ya upenu, pale wanapopaka buluu ya kivuli, ardhi nyekundu iliyopigwa na jua hurudisha mwanga juu, na sehemu ya juu ya ukuta huwa na joto la chungwa ndani ya kivuli chenyewe. Buluu ianzie chini zaidi, au ibaki kwenye vivuli vilivyolala ardhini, ambavyo hutazama anga. Mwezi Mei, ardhi ikiwa imeloa na kuota majani, joto hilo karibu litoweke.

Mlima huwa wazi asubuhi nyingi za miezi hii, nao utataka kuingia kwenye picha. Kibo ina mita 5,895, na ikiingia hakuna nyumba itakayotazamwa tena. Ninashauri picha tatu za kwanza za mfululizo zisiwe nayo kabisa, na katika ya nne ionekane pembeni, imekatwa na ukingo wa paa, ikiwa nyepesi kuliko unavyodhani. Asubuhi ya Januari mlima kwa mbali haupiti weusi wa nguo ya buluu iliyofuliwa mara nyingi.

Kila picha iandike mgongoni tarehe, saa, hali ya hewa ya siku hiyo na ya siku iliyotangulia, na mahali uliposimama. Zihifadhi zikiwa zimetenganishwa kwa karatasi safi, mbali na ukuta wa nje, hasa ule wa kusini. Mwaka ukiisha zipange sakafuni kwa mstari mmoja na uangalie mambo mawili tu: kama kivuli cha upenu kimevuka kutoka ukuta wa juu hadi ukuta wa chini, na kama mkanda mwekundu wa mguuni umepanda, ukapauka, ukafutwa. Vikikosekana, picha iliyo na kasoro utaijua kwa tarehe yake, na mwezi huo ukirudi, rudi nao kwenye nguzo yako ya umeme.